Kinu Mapajani

Saengda alipanda gari jekundu la abiria pale sokoni Chiang Mai, akakipakata kinu chake cha mawe kama mtoto. Mzee aliyekaa benchi la mkabala akaguna.

"Wewe si ndiye unayewafundisha wazungu mapishi? Nasikia pilipili unawapunguzia. Mama yako angekuona, ungeipata!"

"Mama yangu? Mjukuu wake mwenyewe ananunua viungo vilivyosagwa dukani! Juzi msichana wa kizungu anatwanga mchaichai, mimi niko uani. Mlio ule ule wa mchi wa mama, mzee wangu. Nikadhani ananiita, nikaitika, 'Abee!' Darasa zima likanicheka."

"Wanacheza tu hao. Wakipanda ndege wameshasahau."

"Na wasahau. Mchi si umelia?"

Mzee akageuka kutazama nje mpaka darajani, na Saengda akadhani amemshinda.

"Marehemu mke wangu," akasema mzee taratibu, "akitwanga alikuwa anapiga mapigo mawili, anatua. Mtaa mzima ulijua ni yeye. Siku hizi asubuhi nasikia redio ya jirani."

Gari likasimama. Saengda akateremka na kinu chake. Hajafika kwenye geti la darasa lake, akasikia mzee anamwita kutoka garini.

"We mama! Hao wazungu wako wanaanza kutwanga saa ngapi?"