Kipa Aliyelitaja Jina la Omuse

Yoga. Mulembe. Hamjambo nyote. Popote redio yako ilipo, juu ya kabati, mfukoni, ama umeifunga kwa kamba kwenye baiskeli, isogeze karibu. Mimi ni Wilkister Oundo, na leo utani wangu ni kidogo.

Wasikilizaji wapendwa, Petronilla Amuron hatunaye tena. Petronilla, yule kipa. Petronilla wa Amukura. Alifariki Jumanne asubuhi hospitalini, baada ya kuugua kwa muda mfupi, na atazikwa Jumamosi hii nyumbani kwao Amukura. Hakuwa amefika miaka arobaini.

Wengi mnamjua kwa picha. Mlimwona kwenye mabango, kwenye simu, hata kwenye makopo ya maziwa ya watoto. Mimi nataka niwaambie ile mikono ilitoka wapi, maana nimeulizauliza wiki nzima na bado nashangaa.

Baba yake, mzee Omuse, alikuwa fundi wa viatu Malaba, pale trela zinapopanga foleni kuvuka kwenda Uganda. Mama yake, Mama Apolot, alikuwa akishusha matikiti soko la Busia. Kama hujawahi kuona matikiti yakishushwa, ni hivi. Watu wanajipanga mstari kutoka kwenye lori mpaka kwenye lundo. Wa juu anarusha, wa chini anadaka, anamrushia mwenzake. Ukikaza mikono, tikiti linapasuka. Inabidi ulipokee likiwa bado hewani, urudi nalo taratibu mpaka tumboni. Na ukiliangusha, linakatwa kwenye malipo yako.

Petronilla aliingia kwenye huo mstari akiwa bado msichana wa shule, wakati wa likizo. Mama Apolot aliniambia mwenyewe: "Huyo mtoto alikuwa ananiaibisha. Mimi mamake naangusha, yeye haangushi. Wanaume wakaanza kumrushia kwa nguvu ndio aangushe. Wapi! Anadaka tu, na anawaangalia."

Siku moja mwalimu Mulama wa Matayos alikwenda sokoni kununua tikiti. Akarudi amepata kipa. Mzee Omuse akakaa kibandani kwake, akachukua mabaki ya ngozi na mpira wa tyubu ya baiskeli, akamshonea binti yake glavu. Watu wa Malaba walimcheka. Walimwuliza tangu lini mikono ikavaa viatu. Mzee akaendelea kushona.

Basi akadaka shuleni. Akadaka Nairobi. Akadaka timu ya taifa. Halafu klabu moja ya Ulaya ikamchukua, na sisi tukabaki kumwangalia kwenye skrini.

Wasikilizaji wapendwa, ile mechi ya penalti mnaikumbuka. Mimi nilikuwa Malaba, kwenye banda la mpira, mchana, jua kali. Tulikuwa tumebanana na madereva wa trela, Wakenya, Waganda, na Mrundi mmoja aliyekuwa akiomba kwa sauti. Yule dada wa upande wa pili akapiga mpira kwenye kona ya chini, mpira wa kufunga kabisa. Petronilla akaruka, na hakuupangua. Aliudaka! Aliudaka hewani, akaanguka nao kifuani, akainuka nao. Madereva wakakimbilia magari yao, foleni yote ikapiga honi kutoka mpakani mpaka sijui wapi. Polisi walikuja kuuliza kuna nini. Nao wakaambiwa, wakabaki kutazama marudio.

Pesa zikaja. Na zilipokuja zilikuja na macho. Akivaa gauni, linajadiliwa. Akisalimiana na mwanamume, kesho yake ni mpenzi mpya. Alikuja likizo akateta bei ya nyanya sokoni Amukura, kama mimi na wewe tunavyoteta, na gazeti moja likaandika kwamba nyota wetu ni bahili. Langoni kwao watu walipanga foleni na kadi za harambee kuanzia asubuhi. Mama Apolot alisema hata kwenye posho mill hali ilibadilika. "Nikienda kusaga mahindi natozwa bei ya Ulaya," aliniambia. "Nawaambia, jameni, ni mtoto ndio alienda, mimi niko hapa."

Halafu mzee Omuse akafariki.

Petronilla alikuwa huko Ulaya, katikati ya msimu, siku chache kabla ya mechi kubwa. Aliomba ruhusa. Klabu ikasema mkataba ni mkataba. Siku baba yake anazikwa Amukura, yeye alikuwa amesimama golini mbele ya maelfu ya watu, machozi yanamtoka, na kamera imemganda usoni. Wachambuzi wakasema presha imemshinda. Ile picha ya machozi ikauzwa duniani kote, na hakuna aliyeuliza analia nini. Hakumzika baba yake, wasikilizaji. Naomba hilo mlishike, kwa sababu yaliyofuata yote yalitoka hapo.

Mwaka uliofuata alikuja nyumbani. Kaka yake, Ejoku, alikuwa amepata mtoto wa kiume. Sasa mimi ni Mluhya wa Matayos, na mambo ya Wateso nimeyajua kwa kuelezwa, kwa hiyo nikikosea mtanipigia simu. Mtoto wa Kiteso akipewa jina, bibi yake anachovya ncha ya kidole kwenye ajono, ile pombe yao ya wimbi. Anaigusisha midomoni mwa mtoto huku akitaja jina. Mtoto akifumba mdomo, jina hilo amelikataa. Akinyonya, amelipokea, na ni lake mpaka anakufa. Ni unyevu tu wa kidole. Najua kuna daktari mahali fulani ananisikiliza amekunja uso. Daktari, nimekuona.

Kidole kilipaswa kiwe cha Mama Apolot, yeye ndiye bibi. Lakini alimwita Petronilla. "Nilimwambia, wewe hukumzika babako," Mama Apolot alinieleza. "Basi mwite wewe. Mwite arudi."

Wakaanza na jina la Oriokot, la upande wa mama wa mtoto. Mtoto akafumba mdomo na kugeuza shingo. Watu wakacheka. Petronilla akachovya tena, akasema, "Omuse." Mtoto akanyonya. Wanasema Petronilla alikaa chini palepale kwenye vumbi, na nguo zake za Ulaya, akalia kilio chote alichokuwa amekificha tangu ile mechi.

Binamu yao Arnold alikuwa anarekodi kwa simu. Nilipomwuliza, hakuweza kuniangalia. "Dada, mimi nilipost juu ya furaha tu," alisema. "Niliandika kabisa, karibu Omuse. Sikujua watu watakata video."

Na waliikata. Wakaondoa kicheko, wakaondoa jina, wakaondoa kilio. Wakabakiza kidole, chungu cha pombe, na mdomo wa mtoto mchanga. Kufikia jioni kile kipande kilikuwa kimezunguka dunia. Kipa maarufu amlewesha mtoto. Na huyo kipa, kumbukeni, ndiye aliyekuwa na picha yake kwenye makopo ya maziwa ya watoto.

Kampuni ya maziwa ikatuma mtu kutoka ng'ambo mpaka Amukura. Alikuja na gari la kukodi na maneno yaliyoandikwa tayari. Petronilla asome mbele ya kamera kwamba alichofanya kilikuwa kosa, kwamba ni mila iliyopitwa na wakati, na kwamba anakifuta. Akisoma, mkataba unaendelea. Asiposoma, mkataba umekwisha, na klabu pia itafikiria upya. Nyumba ya Mama Apolot wakati huo ilikuwa imefika kwenye linta, bado paa. Ejoku alikuwa akitegemea hizo pesa kwa shamba, na wapwa kadhaa kwa karo.

Ejoku hakujificha aliponisimulia. "Mimi nilimwambia asome," alisema. "Nilimwambia, Petro, ni maneno tu, soma hawa watu waende. Lakini mama akasema, ukisema kidole kilikosea, basi jina limeanguka. Mtoto atakuwa hana jina, na mzee atakuwa amezikwa mara ya pili, na tena haukuwepo."

Siku ya kusoma ilifika. Kelele mnazikumbuka, maana hata sisi tulikuwepo. Magari ya televisheni yalijaa mpaka barabarani. Kuna kile kidude kinachoruka na kamera, kilipita juu ya boma mpaka kuku wakaingia jikoni kwa Mama Apolot na wakakataa kutoka. Kwenye meza ziliwekwa maiki za kila kituo, zimebanana. Yetu ilikuwa pembeni, ile yenye sponji ya kijani iliyochakaa.

Petronilla alitoka ndani amembeba mtoto. Yule mtu wa kampuni akamwekea karatasi mezani. Akaiangalia. Akasema, na haya ni maneno yake, tunayo kwenye rekodi: "Mimi ni kipa. Nimefungwa magoli mbele ya dunia nzima, na kila nililokosea nimekubali. Hili sikukosea."

Halafu akainama kwenye maiki ya kwanza, akasema, "Anaitwa Omuse."

Akasogea kwenye maiki ya pili. "Anaitwa Omuse."

Akaenda hivyo, maiki moja baada ya nyingine, za wakubwa na za wadogo, za Nairobi, za Kampala na za huko Ulaya. Waandishi walikuwa wakirusha maswali, akawa kama hawasikii. Alipofika mwisho wa meza aliikuta yetu. Msikilizeni.

Mmesikia? "Anaitwa Omuse." Hiyo ni sauti yake, na huyo anayekohoa kidogo nyuma ni mtoto mwenyewe.

Nimefanya kazi hii ya redio tangu nikiwa na meno yote. Nimeona wakubwa wakitumia maiki kujisifu, kujitetea na kudanganya. Sijawahi kuona mtu akichukua maiki zote zilizoletwa kumwaibisha, akazitumia kumpa mtoto jina.

Mkataba wa maziwa ukaisha wiki hiyohiyo. Picha yake ikaondolewa kwenye makopo. Klabu ikambakisha mpaka msimu ukaisha, halafu wakaagana. Alirudi nyumbani akafungua kambi ya makipa wasichana, uwanja wa shule, na akawa anawafundisha hadi alipougua. Nyumba ya Mama Apolot waliiezeka baadaye kwa mabati ya kawaida, na ndani haijapigwa plasta hadi leo. Nimekaa humo juzi. Nimekunywa chai humo. Nilimwuliza Mama Apolot kama Petronilla aliwahi kujuta.

"Alijuta matikiti aliyokula bila kulipa sokoni," akasema, akacheka, halafu akafunika uso kwa leso.

Ejoku naye akasema, "Mimi ndio nilijuta. Nilimwambia asome."

Wasikilizaji wapendwa, watu hawa tunaowashangilia tunawalipa, ndiyo, na tunadhani kwa sababu tumewalipa basi wametuuzia pia jikoni kwao, misiba yao na watoto wao. Nakuomba jambo moja tu wiki hii. Kabla hujatuma ile klipu uliyotumiwa, jiulize wamekata nini. Huenda waliokatwa ni mtu na baba yake.

Mazishi ni Jumamosi, Amukura, nyumbani kwa marehemu mzee Omuse. Familia inawakaribisha nyote. Simu mje nazo, hakuna atakayewapokonya.

Nilipokuwa natoka pale juzi, mafundi wakisimamisha hema, kijana mmoja alinifuata mpaka langoni. Ana pengo la meno ya mbele, yuko darasa la pili. Akaniuliza, "Wewe ndiye wa redio?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama nitasema habari za shangazi. Nikasema nitasema. Akachora chini kwa kidole cha mguu, akasema, "Na mimi nisemee pole. Watu wote wanampa pole bibi na baba. Mimi hakuna mtu amenipa."

Mama Apolot, pole kwa kumpoteza binti. Ejoku, pole kwa kumpoteza dada. Arnold, pole, inua uso. Wasichana wa kambi ya makipa, poleni. Kwa niaba ya kituo hiki na ya watu wote wa Busia na Malaba, Mungu ampumzishe Petronilla Amuron mahali pema.

Na wewe uliye Amukura, darasa la pili, najua uko karibu na redio kwa sababu nilikuambia saa. Shangazi yako amefariki. Wewe ndiye uliyepokea jina kidoleni mwake, na sasa wewe ndiye uliyefiwa.

Omuse, pole. Pole sana, Omuse.