Sauti ya Adhuhuri Nyuma ya Ukuta

Siku ile walikuwapo Kaltuma muuza chai na mwanawe mchanga, Muntasir. Ami Dafallah, mlinzi mstaafu wa chuo, waliyemwita Kamanda. Shibli, waliyemwita Profesa kwa kuwa aliingia chuoni zamani na bado hajatoka na cheti. Na Redio, dereva wa riksha. Walikaa kwenye vigoda vyao nje ya lango la nyuma la chuo, jua likiwa utosini na upepo wa Nili umekufa kabisa. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na shamba la mtama la wanafunzi wa kilimo, na ndani yake njia ya mkato ya kwenda bweni la wasichana. Tangu mtama urefuke, wasichana walikuwa wakiporwa mikoba humo mchana kweupe, na hakuna aliyemwona mporaji uso. Tasabih, msichana wa mwaka wa pili, alikuwa ametoka kunywa chai yake hapo. Kama kawaida yake, alimpakata Muntasir ili Kaltuma apate kuosha vikombe, kisha akamlaza kando ya Kamanda na kupenya kwenye pengo la ukuta.

Punde sauti ya kike ikaita kutoka kwenye mtama.

"Kaltumaa."

Kaltuma akaweka birika chini.

— Usiitike, alisema Kamanda.

— Ami, huyo si Tasabih?

— Tasabih kakuita Kaltuma lini? Si hukuita Mama Muntasir?

Kweli. Kaltuma akahisi baridi mgongoni, na jua lote lile.

— Nimelinda humo miaka, Kamanda akasema. Jini la humo linajua majina. Ukiitika, umeshakwenda.

— Ndilo hilo linalobeba mikoba, Redio akadakia.

— Jini na mkoba wapi na wapi? Anapaka wanja? Profesa akamkejeli.

— Vitambulisho, msomi wangu. Unadhani majina linayatoa wapi?



— Basi mimi nimepona, Redio akasema. Changu kilipotea mwaka juzi.

— Kilipotelea wapi? Profesa akauliza.

Redio akafikiri kidogo.

— Hapa hapa.



"Kaltumaa." Safari hii ilikuwa kama inatoka chini, ardhini.

Kaltuma akainuka. Kamanda akamshika ncha ya mtandio, kwa upole, kama mtu amzuiaye bintiye asikanyage makaa. Kwa mkono wa pili akasogeza kilemba chake kumkinga Muntasir jua. Hata katika hofu yake Kaltuma aliliona hilo.

— Wahenga walisema kataa wito, Profesa akanong'ona.

— Walisema usikatae wito, kataa neno, Redio akamsahihisha.

— Neno lenyewe liko wapi? Hilo ni jina tupu.

— Keti, Mama Muntasir, Kamanda akasema. Babu zetu walitufundisha. Mtu huita mara tatu. Lile huishia mbili. Likiita ya tatu, nakwenda mimi mwenyewe.

Wakangoja. Kahawa ya Redio ikafurika kwenye makaa, tangawizi ikanukia, hakuna aliyeitoa. Mtama ulisimama kimya, hata jani halikutikisika. Ya tatu haikuja.

— Mnaona? Redio akasema, akashusha pumzi. Mimina kahawa, dada.

Bibi mmoja mwenye kapu la karanga alikuwa amesimama kuomba maji, kikombe bado mkononi. Hawakuwahi kumwona pale.

— Wanangu, akasema, na kama ni mtu, na ya tatu imemshinda?

Kamanda akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Redio. Redio akatazama viatu vyake.

Kaltuma akamketisha yule bibi kigodani, akampakatisha Muntasir, akachukua koleo la makaa, akapenya ukutani. Nyuma yake akasikia ndara za wanaume zikimfuata.

Tasabih alikuwa amelala kifudifudi kati ya mtama, mikono imefungwa, mkoba hakuna, mtandio wake umeshindiliwa mdomoni hadi anapumua kwa shida. Kaltuma akauvuta, akamkumbatia, akalia.

— Nisamehe, mwanangu. Umeita mara mbili nami nimekaa.

Tasabih akakohoa, akamtazama kwa mshangao.

— Sikuita, Mama Muntasir. Mtu alinishika kwa nyuma, akaniziba papo hapo.

Wanaume wakageuka kutazama mtama. Kamanda akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Wiki iliyofuata chuo kiliziba lile pengo kwa matofali. Mporaji hajapatikana.