Mjomba na Mizani Iliyohamia Nyuma ya Pazia

Tarehe 30 Juni, Mjomba anavua sare ya uuguzi baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, ishirini na sita kati ya hiyo akiwa katika chumba chetu cha kusafisha damu. Jina la Mjomba alipewa na wagonjwa, likamganda. Hata kwenye ratiba ya zamu ameandikwa hivyo.

Alianzia wadi ya majeruhi, akahamishiwa kwetu wakati tulipokuwa na mashine mbili na ndoo nyingi. Leo mashine ni kumi na nne, naye anazijua kwa milio yake. Ikilia ile ya dirishani hainui hata kichwa, anajua mgonjwa amelalia mrija. Mkono wake ni mwepesi kwenye sindano, na wapo wagonjwa waliobadilishana zamu kimyakimya ili wachomwe na yeye. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, ana kasoro zake: hajui kuimba lakini huimba kila siku, na kalamu ukimwazima, ujue umeigawa.

Lakini sisi tutamkumbuka kwa mizani.

Kila mgonjwa hupimwa uzito kabla ya kuunganishwa na mashine, ili ijulikane maji kiasi gani yatolewe. Zamani mizani ilikaa katikati ya chumba, na Mjomba aliutangaza uzito kama yuko mnadani. Miaka kumi na tisa iliyopita, fundi magari mmoja wa miaka thelathini na minane alianza kukosa zamu. Kila alipokuja, uzito umepanda, na kila ulipopanda Mjomba alimgombeza mbele ya watu kwa kunywa maji mengi. Kwenye faili akaandika: mkaidi. Siku moja fundi aliletwa amebebwa, mapafu yamejaa maji, pumzi anaivuta kwa tabu.

Mkewe ndiye aliyesema, amesimama koridoni na mfuko wa nguo za mgonjwa. Alisema mumewe hana ukaidi wowote. Tangu aanze kusafishwa damu nguvu za kiume zilikuwa zimemwishia, na wenzake wa gereji walimwaminisha kwamba mashine ndiyo inayozinyonya. Alikuwa akikwepa zamu ili aiokoe ndoa yake. Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza, na yeye angesemea wapi, katika chumba ambacho hata ukikohoa una mashahidi kumi na watatu?

Fundi alipona. Mjomba aliona aibu, na hajawahi kuificha. Kila muuguzi mpya husimuliwa kisa hiki siku yake ya kwanza. Wiki ileile aliiburuta mizani hadi kona ya stoo, nyuma ya pazia. Matroni aliirudisha mara tatu, Mjomba akaihamisha mara nne. Pale nyuma ya pazia, kwa dakika moja, wakiwa wawili tu, akaanza kumuuliza kila mwanaume, mzee kwa kijana, mambo ya chumbani yanakwendaje.

Mwanzoni waliona haya. Mwalimu mmoja mstaafu alimnunia wiki mbili nzima, na ya tatu akaomba apimwe uzito mara ya pili. Mficha uchi hazai, Mjomba aliwaambia, nao wakacheka, maana safari hii methali ilikuwa imewapigia hodi wenyewe. Aliwaeleza kwamba si mashine. Ni figo zilizoshindwa ndizo zinazovuruga homoni. Ile ya kiume mara nyingi hushuka, nyingine iitwayo prolaktini hupanda, na upungufu wa damu, baadhi ya dawa za presha na mawazo huongeza mzigo. Kukosa zamu huzidisha balaa, na vidonge vya kununua vichochoroni vinaweza kuua mwenye moyo mgonjwa. Yapo ya kufanya: vipimo, kubadilishiwa dawa, kutibiwa upungufu wa damu, kuja kwa daktari na mke. Madaktari nao hawakupona. Aliwaganda hadi kipimo cha homoni kikaingia kwenye orodha ya kawaida. Si wote waliopata nafuu, na Mjomba hakumdanganya mtu. Ila viti vitupu vya waliokosa zamu vilipungua mpaka tukasahau kuvihesabu.

Yule fundi alibadilishiwa dawa, kiwango cha damu yake kikapanda, akakaa na mkewe mbele ya daktari mara nne. Aliishi miaka minane zaidi bila kukosa zamu hata moja, mpaka moyo wake uliposimama. Tulimwomba mjane wake atuandikie machache kwa ajili ya sherehe hii. Ametuma mstari mmoja, kwamba miaka ile minane alikuwa na mume, hakuwa na mgonjwa.

Mjomba, ahsante kwa miaka hiyo minane, na kwa ya wengine wote. Kapumzike ukiwa mzima, wewe na mama watoto, na siku zenu ziwe nyingi na zenye raha.