Namba Iliyomgomea Fundi Vigae

Kijiweni kwetu, mbele ya banda langu la kunyoa, hakuna anayeshindwa hoja. Kuna anayenyamaza ili anywe kahawa, basi. Asubuhi ile Fundi Vigae alikuja kanuna, penseli sikioni. Wiki iliyopita alimwapia binti yake papa hapa: “Niletee idadi ya vigae nisiyoweza kuipanga mstatili kamili, nami nitakuacha uende chuo ukasome hayo mahesabu yako. Ukishindwa, unabaki kazini na mimi.” Jana usiku binti kamletea 9,973.

— Eti namba tasa! Fundi akafoka. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikivipanga napata mstari mmoja tu, kama foleni!

— Jaribu saba, nikamwambia.

— Nimejaribu, Kinyozi. Vinabaki vitano.

— Kumi na tatu?

— Vinabaki viwili. Namba ina kiburi hiyo!

Kisu Butu, mwenye bucha, akacheka kwa dharau.

— Mimi nimepasua fahali, itanishinda namba? Asiye na mwana aeleke jiwe!

— Methali hiyo inaingiaje hapa? nikamuuliza.

— Inaingia tu. Usinibane.

Mzee Honi, dereva mstaafu, akashusha kikombe.

— Hamjui kitu nyie. Namba tasa kubwakubwa ndizo kufuli za mabenki. Mkiivunja hii hapa, mabenki yote yanabaki wazi.

— Si ndiyo vizuri? Kisu Butu akadakia. Ivunjwe upesi!

— Na simu zote zitapigana zenyewe kwa zenyewe. Shauri yenu.

Fundi alikuwa hasikii. Penseli ilikuwa inakimbia juu ya benchi langu, na mimi namwangalia tu anavyolichafua. Ghafla akaruka.

— Nimeipata! Kwenye kazi yetu, kila mzigo una kigae kinachovunjika njiani. Toa hicho kimoja, vinabaki 9,972. Safu thelathini na sita, kila safu vigae mia mbili sabini na saba. Mstatili kamili! Haendi mtu!

Tukashangilia, wallahi, na mimi nikiwemo. Namba itupande kichwani sisi, watu wazima na ndevu zetu?

— Shikamooni.

Binti alikuwa nyuma yetu, begi begani, macho makavu.

— Marahaba, tukaitikia, tukijikunja.

— Baba, hicho kimoja ulichokivunja ili vingine vikae sawa, kilikosa nini?

Mzee Honi akakizungusha kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Nilimtazama Fundi, nikamwonea huruma mpaka nikakasirika.

— Sitaki uende, mwanangu, akasema. Naiogopa ile nyumba bila wewe.

— Hata mimi naogopa, baba. Lakini naenda.

Fundi akalivua begi begani kwa binti yake, akalivaa yeye.

— Gari linaondoka saa ngapi?