Kiti cha Pili Chumbani mwa Vipimo

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo letu. Mkurugenzi wa Hospitali, Bibi Corinne Lavallee. Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Utafiti. Daktari Ruben Thiessen, ambaye leo tunamuaga anapostaafu na ambaye jina lake limeandikwa juu ya mlango wa vyumba hivi vipya. Wauguzi, mafundi wa mashine, ndugu wa wagonjwa, na nyinyi wageni waalikwa mliofika mjini hapa Saskatoon kwa barabara iliyojaa theluji: nawasalimu nyote. Na nyinyi mliokaa nyuma karibu na kahawa nawasalimu mara mbili, maana najua mnaomba nimalize upesi.

Naitwa Stefania Demchuk. Si daktari, si mfadhili. Nimeendesha basi la shule hadi nikastaafu, na mtu aliyewahi kunyamazisha basi zima la watoto siku ya theluji ya kwanza haogopi mawaziri. Nimealikwa kwa sababu mume wangu, Orest, alilazwa katika wodi ya mahututi ya hospitali hii, akaingizwa katika utafiti wa Daktari Thiessen, akafariki. Bibi Lavallee aliponipigia simu alisema, “Mama Demchuk, tungependa useme maneno machache ya kutia moyo.” Nikamjibu, “Mwanangu, moyo nitautia, ila nitautia ninavyojua mimi.” Akacheka. Naona sasa amepunguza.

Orest alikuwa mtu wa kelele. Nyumba yetu ina redio tatu, moja jikoni, moja sebuleni, moja bandani kwa ng'ombe, na zote alizifungulia kwa pamoja, halafu yeye mwenyewe akaongea kwa sauti ya kuzishinda. Nilimlalamikia miaka yote ya ndoa. “Orest, hata ng'ombe wanataka kusikia mawazo yao!” Naye hunijibu, “Ng'ombe wana mawazo gani, bibi wee? Wanangoja habari za bei ya ngano kama mimi.” Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Ugonjwa wake ulianza na mkwaruzo. Alikuwa akirekebisha uzio wa ndama, waya wa miba ukamchana kiganja. Nikamwambia twende kliniki. Akasema, “Kwa hiki? Watanicheka mpaka ndama.” Siku chache baadaye alikuwa anatetemeka na kuweweseka, maambukizi yameingia kwenye damu, helikopta imemnyakua kumleta mjini, nami namfuata kwa gari, peke yangu, shamba baada ya shamba jeupe, redio nimeizima.

Ndipo nilipokutana na Daktari Thiessen. Nilimuuliza swali ambalo kila ndugu wa mgonjwa aliyekaa humu ndani amewahi kuuliza: mashine inampumulia, damu yake imejaa hewa safi, dawa zinaingia, sasa kwa nini mwili unazidi kuzimika? Wapo madaktari ambao wangenijibu huku wanatembea. Yeye aliketi. Akasema, “Mama, kila seli ya mwili ina jiko lake dogo. Chakula ndicho kuni, hewa ndiyo inayowasha. Kwa mumeo kuni zimefika na hewa imefika, lakini majiko yamegoma.”

“Yamegoma kwa nini?”

“Hicho ndicho ninachokitafuta tangu ujana wangu, na bado sijakipata.”

Nilimpenda kwa neno hilo. Ni wangapi kati yetu, wenye vyeo na wasio na vyeo, wanaweza kumtazama mke wa mgonjwa machoni na kumwambia sijakipata?

Kazi yake wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Huunganisha mashine kwenye mpira wa kupumulia, nayo hupima hewa anayoingiza mgonjwa na anayoitoa, na kwa hesabu hiyo ukajua moto wa mwili unawaka kiasi gani na mgonjwa alishwe kiasi gani. Ukimlisha kidogo, mwili unajila wenyewe. Ukimlisha kupita kiasi, unamlemea. Sharti la kipimo ni utulivu. Kwa nusu saa mgonjwa asiguswe, asigeuzwe, asisemeshwe, kwa kuwa lolote linalomgutusha linapandisha namba. Na ndugu watoke nje.

Alasiri ile muuguzi Marlys, yule pale mwenye sweta ya kijani, alikuja akaniambia kwa upole, “Mama Demchuk, tunaomba utupishe kidogo. Nusu saa tu.”

Nikamwambia, “Samahani kwa kuwazuia.”

“Hapana, samahani ni yetu.”

“Wala, mimi ndiye niliyekaa njiani.”

Mnacheka kwa sababu mnajijua. Sisi wa huku tukikanyagwa mguu, sisi ndio tunaoomba radhi. Nikatoka. Kwanza nilikwenda chumba cha kungojea, kwenye ile meza ya picha ya vipande vipande, ambapo watu wasiojuana hupanga mbingu na majani siku nzima. Pale hatuulizani majina. Mtu akikosekana kitini hatuulizi amekwenda wapi, kwa sababu jibu ni moja kati ya mawili, na hakuna anayetaka kulisikia la pili. Nikaweka kipande kimoja, nikarudi kusimama mlangoni.

Nusu saa ikapita. Kumbe namba ilikuwa haijatulia, wakaanza upya. Hakuna aliyetoka kunieleza, nami sikugonga. Nilisimama pale na koti mkononi, nikijiambia, usiwasumbue, wana kazi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga; kwetu si ujinga, ila ni usumbufu, na usumbufu tunauogopa kuliko baridi. Hatimaye Marlys akafungua, nikaingia, nikamkuta Orest amelala vilevile nilivyomwacha. Siku mbili baadaye alifariki, mkono wake mkononi mwangu. Nilimzika nikiamini kwamba tangu alipofika hospitali hii hakufumbua macho hata mara moja.

Mtaniruhusu niseme jambo moja kuhusu upweke, maana mnatafiti kila kitu isipokuwa huo. Nilikuwa napika kwa sufuria ileile kubwa, mkono haukujua kupika kwa mtu mmoja. Nilikuwa nafungua redio zote tatu, halafu nasimama katikati ya sebule nikitafuta mtu wa kumlalamikia. Majirani walileta vyakula wakaviacha kibarazani bila kubisha, wasije wakanisumbua. Adabu hiyo ilinimaliza, ndugu zangu. Nilitamani mtu mmoja asiye na adabu.

Basi mwezi wa Januari akaja Daktari Thiessen. Aliendesha kutoka mjini mpaka kwangu, akavua viatu mlangoni kama mtu aliyelelewa, soksi moja imetoboka kidole. Nikamwambia, “Ingia, Dokta, hicho kidole hakiniogopeshi.” Nikamwekea sahani ya pirohi, vile vipande vya unga vilivyokunjwa na kujazwa viazi, na vitunguu vya kukaanga juu. Hakugusa.

“Dokta, chakula kinapoa.”

“Mama, nikila kwanza sitaweza kusema.”

“Basi sema, halafu ule.”

Akasema. Alasiri ile, walipokuwa wakirudia kipimo, namba ya Orest ilianza kupanda. Daktari alidhani hewa inavuja kwenye mpira, kwa sababu mpira ukivuja namba huharibika, na kila mpimaji mzuri hutazama mpira kwanza. Akainama, akakagua kiungo kimoja kimoja, mgongo amempa mgonjwa. Mpira ulikuwa mzima. Alipoinuka alimkuta Orest amefumbua macho. Akamsihi atulie, akamaliza kipimo, kisha wakamwongezea dawa ya usingizi ili asihangaike na mpira uliokuwa kooni. Baada ya hapo ndipo nilipofunguliwa mlango.

“Mimi nilikuwa wapi?” nikamuuliza, ingawa nilijua.

“Nje ya mlango, Mama.”

Nilimfukuza. Sitawaficha. Nilimwambia toka nyumbani kwangu, na nikamrushia viatu vyake, kimoja baada ya kingine. Akatoka. Nikasikia gari linakohoa, linakohoa, linanyamaza. Profesa mzima, bingwa wa moto wa seli, alikuwa ameegesha gari kwenye baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri bila kulichomeka kwenye umeme wa kupasha injini joto! Nikamwacha kwanza akome. Kisha nikafungua mlango nikapiga kelele, “Rudi ndani, mjinga wewe, utaniletea maiti ya pili!” Akarudi, akaketi, akala pirohi zote zikiwa baridi, na gari likiwa limeshachomekwa, tukangoja injini ipate joto. Hatimaye akaanza tena kusema, nami safari hii nikamsikiliza mpaka mwisho.

Hakuna aliyemtuma kuja, Mheshimiwa Waziri. Hakuna aliyejua. Angekaa kimya, na leo ningekuwa hapa namsifu kwa ujinga. Ndiyo maana nasema mbele yenu nyote: sijakutana na mtu mkweli kumshinda. Tangu siku ile huja kila Jumapili, tunabishana, anakula, anaondoka. Mke hana, mtoto hana. Maisha yake yote amewapa watu waliolala. Dokta, najua kesho asubuhi utaamka mapema na hutakuwa na pa kwenda. Mlango wangu unaujua.

Ila sikuja kumsifu tu. Asubuhi hii Bibi Lavallee amenitembeza kwenye vyumba vipya. Ni vizuri, sina budi kusema. Ukutani pana mchoro wa utafiti wa Dokta wenye nukta nyingi, kila nukta mgonjwa mmoja, na juu kabisa ipo nukta moja iliyokaa peke yake. Kamati ilitaka ifutwe, ikisema mpira ulivuja. Dokta alikataa kuifuta, kwa kuwa mpira haukuvuja. Ile pale juu ni Orest.

Kisha nikatazama ndani ya chumba. Kuna kitanda, mashine, na kiti kimoja cha mpimaji. Mlangoni pameandikwa: Wakati wa kipimo, ndugu watoke. Nikamgeukia Dokta, akatazama chini. Mara tatu ameiandikia Kamati kuomba kiti cha pili, cha ndugu, akae kimya karibu na mgonjwa wake. Mara tatu amekataliwa kwa adabu, naye akakubali kwa adabu. Sababu ninazijua: namba lazima ziwe safi, zilingane na za hospitali nyingine, na namba mbovu inaweza kumlisha mgonjwa vibaya. Ni sababu za kweli, sizidharau. Lakini nawauliza: mtu aliyekaa kimya kitini anachafua nini? Na namba ikipanda kwa sababu mtu amemwona mkewe, si mtarudia kipimo? Ya Orest si mliirudia?

Kwa hiyo, Bibi Lavallee, mbele ya Mheshimiwa Waziri, nauliza: je, kiti cha pili kitawekwa?

Sema kwa sauti, mwanangu, watu wa nyuma hawasikii. Anasema, “Tutalipeleka kwenye Kamati.” Kamati ipo hapa mstari wa pili, inakula keki. Mwenyekiti, usiifiche sahani, nimeshaiona.

Basi, kwa kuwa Kamati ipo, niwaambie yale Dokta aliyoniambia aliporudi ndani siku ile. Sijapata kuyasema kwa mtu, hata kwa dada yangu.

Orest alipofumbua macho hakutazama mashine, wala hakumtazama daktari. Aligeuza kichwa kadiri mpira ulivyomruhusu, akautazama mlango. Dokta akamwambia, “Bwana Demchuk, tulia kidogo tu, bado dakika chache.” Na Orest, mtu asiyewahi kunyamaza hata kanisani, akatulia. Hakupiga teke, hakuvuta mpira, hakugonga kitanda. Alilala kimya kama alivyoombwa, ili asiwaharibie kazi, macho yakiwa palepale mlangoni, mpaka dawa ilipoyafumba. Na mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango huohuo, na koti langu mkononi, nikijitahidi nisiwasumbue.

Hivyo ndivyo tulivyoagana, wageni waalikwa. Kila mmoja wetu alikuwa na adabu. Mpaka leo nikilala nauona ule mlango kutoka upande wake yeye.

Leo mchana, chumba cha kwanza, kuna mzee atakayepimwa. Binti yake nimemwona, ameshika koti.

Bibi Lavallee, nauliza mara ya pili, na safari hii siombi radhi.

Mwenyekiti ameweka sahani chini. Ameitikia kwa kichwa. Bibi Lavallee anasema, “Leo hii. Kabla ya kipimo.” Mmesikia wote? Marlys, nenda kamwambie yule binti asitoke.

Mheshimiwa Waziri, Mkurugenzi, Dokta wangu, wauguzi, wageni wote, nawashukuru. Asanteni kwa kunisikiliza leo. Siku ile, nje ya mlango ule, sikusema neno.