Mipira Mitatu ya Ysidro Ubiera

Jambo la mwisho la kawaida alilolifanya mke wangu Eneida lilikuwa kuchambua maharagwe mekundu kwenye sinia, huku akimtukana mrusha mpira wa timu ya mji mkuu aliyekuwa kwenye televisheni. Alikwenda jikoni kuchukua sufuria, akaanguka. Siku tisa za sala za msiba zilipokwisha nilirudi kijiweni, kwenye benchi la mbao mbele ya duka la Doña Minga, hapa San Pedro, kwa sababu sikujua pengine pa kukaa jioni. Doña Minga humimina kahawa kutoka kwenye themosi katika vikombe vidogo vya plastiki. Wakili, aliyelipata jina hilo kwa kubishana wala si kwa kusoma sheria, hukaa kulia. Melasa, aliyepika sukari kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, hukaa kushoto. Waliniachia katikati. Walikuwa wakimjadili Ysidro Ubiera, mpigaji wetu wa besiboli. Mama yake mzazi alipokwenda Puerto Rico kutafuta kazi, alimwacha kwetu akiwa mdogo. Eneida, mama yake wa ubatizo, ndiye aliyemlea mpaka siku aliposajiliwa. Na sasa, jana yake, timu ikihitaji pigo moja tu, Ysidro alikuwa amesimama na gongo begani, akaiacha mipira mitatu mizuri ipite katikati kabisa mmoja baada ya mwingine, akatolewa bila kulitikisa gongo. Kocha alitangaza redioni kwamba atampanga mara moja zaidi, kesho jioni. Akirudia, jina lake linafutwa. Na mpigaji wa miaka thelathini na tisa akifutwa na timu ya nyumbani, hakuna timu nyingine itakayompigia simu.

— Ni macho, alisema Wakili. Anahitaji miwani, anaona haya.

— Macho gani wewe! Melasa akamdaka. Juzijuzi tu kaupeleka mpira mpaka uani kwa kanisa, ukavunja kioo cha gari la padri. Kipofu anavunja kioo cha padri?

— Kipofu ndiye anayekivunja. Mwenye macho angelenga gari la meya.

Doña Minga alicheka. Kisha akanitazama, akaacha.

— Basi goti, alisema Melasa. Lile la kulia. Nililiona linavyochechemea.

— Goti linahusu kukimbia, bwana, halihusu kupiga. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Hiyo nayo inaingiaje hapa?

— Inaingia kwenye goti.

Melasa alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo ili apate nafasi ya kusema.

— Sikiliza, Wakili. Mie huyu nimemwona anaanza. Anapiga vizibo vya chupa kwa mpini wa ufagio, hapohapo ulipoweka huo mguu wako mchafu. Vizibo vinatua kwenye bati la Minga, paa! paa! mpaka watu wanadhani mvua.

— Na nilimkimbiza, alisema Doña Minga. Kumbe namkimbiza mtu wa magazetini.

— Akaenda Marekani na shati moja. Akapiga huko miaka na miaka, zaidi ya mipira mia tatu nje ya ukuta. Akaumia bega, wakasema kwisha habari yake. Akarudi, akapiga tena. Sasa mtu wa namna hiyo anaweza kuukosa mpira, sikatai. Ataukosa mara kumi, atazungusha gongo mpaka kofia imdondoke, ajipige mwereka mwenyewe, watu wamcheke. Lakini hauachi! Mpigaji wa nguvu hatoki amesimama kama mtu anayesubiri benki ifunguliwe.

Hilo lilikuwa kweli, na sote tulilijua.

— Labda ni taa mpya za uwanja, nilisema.

Wote wawili walinigeukia kwa shukrani.

— Taa! alisema Wakili. Mwalimu kasema. Taa zinaweza. Ila mimi, kwa heshima yako Mwalimu, nakwenda mbele zaidi. Nasema yule wa jana siye yeye.

— Siye nani?

— Siye Ysidro. Ni binamu yake wa kule mji wa Consuelo. Wanafanana mpaka kitovu. Mji huu nani hajacheza kwa cheti cha ubatizo cha mtu mwingine? Wewe mwenyewe, Melasa, uliingia timu ya kiwanda kwa cheti cha Ramón.

— Na niliitika Ramón msimu mzima! Mke wa Ramón akaanza kuniletea chakula.

— Unaona?

— Na Ysidro mwenyewe yuko wapi?

— Japani. Anafundishwa subira. Wajapani wanamlipa mtu asipige.

— Jamani, alisema Doña Minga, hii kahawa nimeitia nini leo?

— Acha Japani, alisema Melasa, sasa amepandwa na hamasa kweli. Kijana kadekezwa na magazeti, basi. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye...

Aliishia hapo. Alikishika kikombe kitupu kwa mikono miwili na kukitazama ndani. Wakili alikohoa.

— Hufunzwa na kocha, alisema Wakili. Ndivyo methali inavyokwenda.

— Ndivyo, alisema Doña Minga. Hufunzwa na kocha.

Hapo ndipo nilipoelewa walichokuwa wakikifanya tangu nilipoketi. Walikwenda kwenye macho, kwenye goti, mpaka Consuelo na Japani, ili wasipite mbele ya mlango wangu. Na mimi nilikuwa nimewasaidia, kwa kuwapa taa.

Lori la barafu lilisimama. Dereva hakuwa yule wa siku zote. Huyu alikuwa mtu mzima kutoka Hato Mayor, mgeni kabisa mtaani. Alishusha magunia mawili, akajifuta mikono kwenye suruali na kuomba kahawa.

— Mnamsema Ubiera? Nilikuwepo jana, nyuma kabisa ya kibanda cha wachezaji. Hebu nyie wa hapa nielezeni kitu kimoja. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi mkononi. Amefiwa na nani?

Wakili alifunga kishikizo cha shati kilichokwisha kufungwa. Melasa alitazama barabarani. Doña Minga alichukua themosi, akaiweka tena palepale. Dereva alisubiri. Kisha macho yake yakatua kwenye shati langu jeusi, naye akakiweka kikombe benchini polepole.

— Samahani, mzee wangu.

— Si kitu, nilisema.

Jibu lilikuwa neno moja, nami ndiye niliyepaswa kulitoa. Nilinyanyuka, nikawaaga, nikaenda nyumbani.

Asubuhi nilikwenda uwanjani. Tangu mazishi sikuwa nimeonana na Ysidro. Nilimkuta peke yake katika kizimba cha mazoezi, mbele ya wavu, gongo begani, na kando yake kikapu kilichojaa mipira. Alinitazama nikiingia. Niligeuza ndoo chini juu, nikaketi ubavuni pa wavu kama nilivyowahi kuona wasaidizi wakifanya, nikachukua mpira.

— Baba, wewe unajua kurusha?

— Sijui.

Nilirusha kwa mkono wa chini. Aliuacha uanguke. Nikarusha mwingine, akauacha. Niliendelea. Mipira ilidunda kwenye saruji na kubingirika hadi miguuni mwake, wala hakuinama kuitazama. Kikapu kilipofika nusu, bega lilikuwa likiniuma na mipira ilikuwa inakwenda hovyo.

— Baba, unarusha juu mno.

— Basi piga wa juu.

Akapiga.