Nukta Kumi na Tisa za Tellervo Hakala

Jumanne tarehe 4 Februari, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, gazeti letu lilipoteza nukta kumi na tisa. Zilikuwa juu ya lenzi tatu: tisa, sita na nne. Hazikuibwa. Zilifutwa kwa pamba na dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na aliyezifuta alidhani anatenda wema.

Nazitaja mapema kwa sababu mwenye nukta hizo, Tellervo Hakala, mpiga picha wetu wa michezo, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Februari baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi. Wasifu wake ukiandikwa bila nukta, utakuwa wasifu wa mtu mwingine.

Tellervo aliingia jengo hili Oktoba 1991 kupokea simu za matangazo madogo: mbwa waliopotea, mashua za kuuza, vyumba vya kupanga. Kabla ya hapo alikuwa akiuza maandazi na kahawa kwenye kiwanja cha barafu kunakochezwa hoki, na baba yake alikuwa fundi wa ghala la nafaka bandarini. Hakuna aliyemfundisha upigaji picha. Jumamosi moja ya Januari gari la mpiga picha wetu lilikwama thelujini njiani, na mhariri wa zamu akatazama huku na huku akamwona Tellervo. "Wewe si unakijua kiwanja?" akamwuliza. "Nazijua bei za maandazi," akajibu Tellervo, akapewa kamera.

Alirudi na picha thelathini na sita. Thelathini na nne zilikuwa ukungu mtupu. Mbili zilikuwa kali kiasi cha kuhesabu nyuzi za soksi za golikipa. Mtu mwingine angefurahia zile mbili akalala. Yeye alikaa nazo siku tatu akijiuliza kwa nini mbili hizo tu, hadi alipokumbuka: mkono ulikuwa umechoka kuzungusha pete ya lenzi, ile inayopanga umbali wa ukali, akauacha ulipo. Pete ilibaki kwenye umbali wa mlingoti wa goli, na wachezaji wakaja wenyewe hadi hapo.

Kazi yake yote imejengwa juu ya uchovu huo. "Ukimkimbiza mchezaji utapata mgongo wake," huwaambia wageni. "Mtangulie, umsubiri."

Kumsubiri kunahitaji kujua mahali. Lenzi zake ni za kuzungusha kwa mkono. Hazina mota wala ubongo. Ile kubwa, kwa umbali wa mita saba na nusu, huonyesha kwa ukali nusu mita tu ya dunia, na kila kilicho mbele au nyuma ya hapo ni maziwa. Namba zilizochongwa na kiwanda hazisaidii: kati ya saba na kumi hakuna kitu, na nusu mita hiyo imejificha ndani ya nafasi finyu kuliko punje ya mchele. Basi Tellervo aliazima chupa tatu za rangi ya kucha kwa Yvonne wa matangazo (Yvonne bado anazidai), akaenda kiwanjani mchana, barafu ikiwa tupu. Alisimamisha ufagio mahali anaposimama golikipa, akauvika kofia, akazungusha pete hadi nyuzi za ufagio zikawa kali, akatia nukta. Nyekundu kwa mlingoti. Nyeupe kwa duara la karibu, mita tisa na nusu. Buluu kwa mstari wa buluu, mita ishirini na tatu.

Mlinzi wa kiwanja alipita akamkuta amepiga goti anaulenga ufagio. "Anacheza timu gani huyu?" akauliza. "Yetu," akasema Tellervo, "ndiyo maana hasogei."

Kila nukta iliwekwa kwa matone matatu, moja juu ya jingine, ili iinuke. Hapo ndipo penye ufundi. Kwenye baridi ya nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, mshindani wetu alipokuwa akizipasha moto betri zake kwapani, Tellervo alikuwa amevaa glavu iliyokatwa ncha ya kidole gumba, macho yakiwa kwenye mchezo, kidole kikisoma pete. Nukta kumi na moja zilikuwa za kiwanja cha barafu, tano za ukumbi wa baraza la jiji, anakotumwa siku za vikao, tatu za mwisho wa mbio za kuteleza thelujini. Wachezaji walilisahau jina lake kitambo. Kwao yeye ni Nukta. "Nukta, leo unanipata wapi?" huuliza wakipita. Naye hujibu, "Utakapochoka."

Mwaka 1998 picha zake za goli ziliharibika michezo mitatu mfululizo. Nyavu zilikuwa kali, golikipa ukungu. Watu wakaanza kunong'ona kuhusu macho yake. Hakubishana na mtu. Alikwenda na futi ya chuma, akapima, akagundua kwamba mwenye kibanda cha soseji alikisogeza kigoda anachokalia Tellervo akipiga picha kwa sentimita arobaini ili apitishe waya. Sentimita arobaini kwenye nusu mita ni karibu kila kitu. Tangu siku hiyo kigoda kimefungwa sakafuni kwa skrubu nne, na wanong'onaji hawakuomba radhi. Mimi nawakumbuka.

Fainali ya 2006 ilikuwa na wapiga picha saba. Kamera sita zilikuwa za kujilengea zenyewe, nazo zikailenga mikwaruzo ya kioo cha uzio, kwa ukali wa ajabu. Ya saba ilikuwa kwenye nukta nyekundu. Picha ya goli lile, kisahani cha hoki kikiwa kimevuka mstari kwa upana wa kidole, imetundikwa kwenye mapokezi yetu, na wageni hupigwa picha chini yake na watu ambao hawajui ilivyopatikana. Kwa hesabu yangu ya shajara, amepiga michezo 1,012, na amekosa minne, miwili kwa sababu ya mazishi ya wazazi wake.

Sasa tarehe 4 Februari. Ofisi ya Vifaa ilikuwa ikiandaa orodha ya vifaa visivyotumika, vitakavyoondolewa tarehe 28, na ikaziandika lenzi hizo tatu. Haikumwuliza anayezitumia. Bwana Desmond Pickersgill wa ofisi hiyo, mtu mpole ambaye sina ugomvi naye, aliona si vizuri kuzipiga picha ya orodha zikiwa na madoa. Alikaa nazo asubuhi nzima. Kisha akampelekea Tellervo azione kabla hazijafungiwa kabatini, akiwa na furaha yake.

"Nimekusafishia, Telle. Sijui nani alizimwagia rangi ya kucha."

Tellervo alipitisha kidole gumba kwenye pete, mzunguko mzima, polepole. "Mimi," akasema. "Sasa golikipa yuko wapi, Desmond?"

Bwana Pickersgill alidhani ni utani, akacheka. Alipoelewa alikaa chini, na Tellervo ndiye aliyemletea kahawa.

Umbali huo haukuandikwa popote pengine. Ulikuwa umeandikwa kwenye lenzi. Anayerithi kiti, Corrine Magiskan, aliyetoka meza ya habari na mwenye miaka kumi na minne kazini, alikuwa amekwisha kuzijua nukta mbili kwa kidole na alikuwa anaanza ya tatu. Ameniambia, "Nilikuwa najifunza kusoma, wakafuta ubao." Anaweza kupewa kamera mpya inayojilengea yenyewe. Atakuwa wa saba kukilenga kioo.

Tellervo hajalalamika; mimi ndiye ninayelalamika. Yeye ameomba vitu viwili: lenzi zitolewe kabatini na kwenye orodha, na apewe saa mbili kiwanjani pamoja na Corrine, ufagio na futi ya chuma, atie nukta upya kabla hajaondoka. Mwenye kiwanja ametupa Alhamisi tarehe 20 Februari, saa saba hadi saa tisa mchana, bila masharti. Siku nyingine hana hadi msimu uishe.

Keki na hotuba ni tarehe 28, saa tisa alasiri, chumba cha mapumziko. Tellervo ataleta mkate wake wa iliki, mikate sita, kwa hiyo msichukue vipande viwili viwili. Tunamshukuru kwa miaka ambayo alitufanya tuonekane tunajua kazi. Tunamtakia asubuhi za kulala hadi atakapo, sauna yenye moto wa kutosha, na michezo ya kutazama mikono ikiwa mifukoni.

Lakini shukrani yangu haitakamilika kwa keki. Meneja Mkuu, Bwana Thorvald Ames, nimekuandikia tarehe 5, tarehe 10 na tarehe 13. Mara tatu nimejibiwa, "Tunalifanyia kazi." Sasa nauliza mbele ya wafanyakazi wote: lenzi tatu zinatoka kabatini, ndiyo au hapana? Nalitaka neno hilo moja, lenye sahihi yako, mezani kwangu Jumatano tarehe 19 Februari, saa kumi kamili jioni.

Gaston Lefaive
Meza ya Picha